Nilipiga Namba Yangu, Akapokea Mume Wangu

Wiki iliyopita mliniacha kwenye ngazi za nje za apatimenti ya Jeannette, hapa Alief, Houston, simu sikioni, nikiita jina la mdogo wangu Alain kama mwehu. Wapangaji wanapanda na mifuko yao ya sokoni, wananikwepa.

Kwa aliyenikuta leo: naitwa Marie-Rose. Wazazi wangu Warundi, mimi nimezaliwa kambini Kigoma. Nilimkimbia mume wangu Bertrand kule Grand Prairie, karibu na Dallas, alipoanza kunificha funguo za gari, na Texas bila gari hata chumvi hununui. Nikaja Houston kwa binamu yangu Jeannette na begi moja. Halafu, siku ambayo sikuwa natarajia lolote, akapiga simu Alain, mtu ambaye tulishamsomea misa ya marehemu.

Alain hajafa. Yuko kambini Malawi. Tulipoteana kambi yetu ilipofungwa, watu wanasukumwa kwenye malori, yeye bado mtoto. Namba yangu alipewa na katekista mmoja, akaikariri, akaazima simu ya mtu.

Hayo aliniambia. Kisha akasema, "Dada, kuna jambo kubwa nataka ulijue," na mtandao ukakatika.

Namba iliyotokea kwenye kioo niliipiga mpaka kidole kikauma. Mashine ikanijibu kwamba namba hiyo haipo. Simu za mbali huwa zinakuja hivyo, kwa namba za ajabu ambazo ukizirudia hazipokei. Kwa hiyo mimi njia ya kumpata Alain nilikuwa sina. Yeye ndiye alikuwa na njia ya kunipata, kwa ile namba yangu aliyoishika kichwani. Ikipotea, nimempoteza tena.

Niliingia ndani nalia. Jeannette alikuwa anachambua maharage.

"Kwani unatumia mtandao gani?" akaniuliza.

"Huu wa Mzee Vénant."

Akacheka kwa pua.

Mzee Vénant nilishawatajia siku zilizopita, ndiye msimamizi wetu wa ndoa, anakaa DeSoto, huko huko upande wa Dallas. Mrundi yeyote akishuka uwanja wa ndege Dallas, yeye ndiye wa kumpokea. Kabla hujajua choo kiko wapi ameshakuingiza kwenye laini zake. Huku laini nyingi zikikaa kwenye akaunti moja inakuwa nafuu, basi parokia nzima tuko kwake, tunaitwa familia ya Mzee Vénant na wengine hata majina hatujuani. Kila mwezi unampa mchango wako baada ya misa, maisha yanaenda.

"Huo mtandao hapa Alief haushiki," Jeannette akasema. "Tafuta mwingine kabla hajapiga tena. Utakuwa unapokelea kwenye parking mpaka lini?"

Akamwita jirani yake Glory, Mchaga mmoja anayehudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Glory akaja na simu zake mbili. Jeannette na ya kwake. Mimi na ya kwangu. Tukaingia bafuni wote watatu, maana bafuni ndiko mtandao unakofia kabisa pale kwa Jeannette. Tukasema utakaoishi bafuni ndio mtandao.

Simu zikapangwa ukingoni mwa beseni. Ya kwangu haikuonyesha hata kijistari kimoja. Ya Jeannette kimoja, kinakuja kinaondoka. Moja ya Glory ilikuwa imejaa mpaka juu.

"Huo wako mimi niliuhama siku ya msiba," Glory akaniambia. "Nampa pole baba mkwe, namfariji, namwombea, kumbe ameshakatika kitambo. Naomboleza peke yangu."

"Lakini wa kwako una bei," Jeannette akamwambia.

"Una bei lakini unaongea. Wa kwako wa bure unaongea na nani?"

Wakaanza kubishana. Huku watu wanatetea mtandao wa simu utadhani dhehebu. Mmoja anasema wake unashika mpaka Galveston kule baharini, mwingine anasema sisi Galveston tunaenda kufanya nini. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya kifuniko cha choo naangalia ile simu ya Glory. Kwa mara ya kwanza tangu nitoke Grand Prairie niliona jambo ninaloweza kulichagua mwenyewe. Nikasema nachagua huo.

Kesho yake tukaenda kwa Khalfan.

Khalfan ni mtu wa Tanga, ana duka la simu ubavuni mwa duka la vyakula vya kwetu. Unanunua mihogo na sambusa huku, unaingia kwake kuweka kioo cha simu. Ni mpole, anaongea taratibu, na ana mdomo.

"Karibuni, dada zangu. Mmekuja kununua au mmekuja kupata kiyoyozi?"

Nikamweleza nataka laini ya ule mtandao wa Glory.

"Namba mpya au unahama na namba yako?"

"Nahama na yangu. Namba hiyo ndiyo roho yangu."

"Basi nipe namba ya akaunti, na ile PIN ya kuhamia."

"Sina. Laini si hii hapa?" Nikafungua simu, nikamtolea ile kadi, nikaiweka juu ya kioo cha meza yake.

Khalfan akaitazama kadi, akanitazama mimi. "Akaunti ya nani?"

"Ya mzee mmoja wa kwetu. Lakini laini yangu. Nimeitumia tangu nifike Marekani, haijawahi kutoka mkononi mwangu."

"Dada, hapa si nyumbani. Nyumbani umeshika laini, umeweka kidole, laini yako. Hapa hiyo kadi ni plastiki tu. Namba ni ya mwenye akaunti. Akitaka leo anaihamishia kwenye kadi nyingine, wewe unabaki na plastiki."

Naomba msinicheke. Sisi wote tulivyokulia ndivyo tunavyojua, mwenye laini ndiye mwenye namba. Kule Grand Prairie nilitoka usiku na begi moja, lakini ile laini niliishika kuliko pasi ya kusafiria. Nilijiona nimeondoka na kilicho changu.

"Sasa nifanye nini?"

"Mpigie huyo mzee. Mwombe PIN, atumiwe ujumbe, akusomee, dakika mbili tumemaliza. Ila sikiliza." Akainama kidogo. "Usimpe hadithi. Sema simu inasumbua, nataka ku-transfer. Basi. Ukieleza sana atataka kufikiri, na mtu akifikiri sana hatoi PIN."

Nilikubali. Nikarudisha kadi kwenye simu, nikatoka nje ya duka nikasimama penye kivuli.

Sasa niambieni, mtu mzima aliyekusimamia ndoa, aliyekupokea uwanja wa ndege na koti la baridi mkononi, utampigiaje simu useme nataka PIN, kwaheri? Haiwezekani. Lazima umsalimie, umuulize mama, umuulize mgongo. Na yeye akikuuliza wewe, lazima ujibu. Nilimpigia, nikamsalimia, nikamwomba PIN.

"Marie-Rose, mwanangu. Uko wapi? Watu wanakutafuta."

"Niko salama, Mzee."

"Salama wapi?"

Kumdanganya nilishindwa.

"Houston, Mzee. Kwa Jeannette."

"Aa. Kwa Jeannette. Na unataka PIN ya nini?"

Ndipo nikamwaga yote. Nilimwambia Alain yuko hai, yuko Malawi, amepiga, simu ikakatika, mtandao haushiki, nataka kuhama na namba yangu ili akipiga tena tuongee mpaka mwisho. Nilikuwa nalia. Yeye naye nilimsikia amevuta kamasi.

"Mungu ni mkubwa," akasema. "Mtoto yule kule kambini nimembeba mimi mgongoni. Ngoja, mwanangu. Nisubiri hapo hapo, nitakupigia."

Nilirudi dukani nimejaa furaha. Nikamwambia Khalfan mzee amekubali, analia kabisa.

"Amekutajia PIN?"

"Kasema nisubiri."

Khalfan alichukua kitambaa akaanza kufuta kioo kilichokuwa kisafi.

Tukasubiri. Jeannette akaenda duka la pili akarudi na sambusa, tukala. Wateja wakaja wakaondoka. Mara nikaitazama simu yangu nikaona ule mtandao mdogo uliokuwepo umezimika, pameandikwa kwamba hakuna huduma.

"Imeanza kuhama!" nikamwambia Khalfan. Niliruka kabisa.

Akaichukua, akaizima, akaiwasha. Akatoa kadi, akaipuliza, akairudisha. Akanitazama kwa huruma ambayo sikuipenda.

"Mimi sijahamisha kitu, dada yangu. PIN sina, ningehamisha na nini?"

"Sasa imekuwaje?"

"Mwenye akaunti ameitia namba yako kwenye kadi nyingine. Sasa hivi inawaka kwenye simu ya mtu."

"Simu ya nani?"

"Piga uone."

Akanisogezea simu ya dukani. Nikakosea mara ya kwanza. Kupiga namba yako mwenyewe ni jambo la ajabu, hujawahi kuhitaji. Ikaita. Ikaita tena.

"Haloo, mke wangu," Bertrand akasema.

Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu ya duka. Jeannette akanishika bega.

"Bertrand, hiyo namba yangu."

"Namba ya familia. Mzee kasema mwenye kutoka amejitoa mwenyewe, vya familia vibaki kwenye familia. Umemtoka mume, unataka na laini?" Sauti yake ilikuwa ya taratibu, sauti anayoitumia mbele ya watu. Nilijua Mzee Vénant amekaa karibu naye.

"Alain atapiga hapo."

"Nimesikia. Nimefurahi sana. Shemeji yangu amefufuka, nitakuwa wa mwisho kufurahi? Akipiga nitampokea vizuri."

"Akipiga mpe namba ya Jeannette. Nakuomba. Andika."

"Sina kalamu," akasema, akakata.

Khalfan alizunguka meza akaniletea kiti. Hakunikumbusha kwamba alinionya, na kwa hilo nitamheshimu mpaka kesho.

Tulijaribu kila kitu mchana ule. Tukapiga simu makao ya ule mtandao. Mashine ikatupeleka kwa mashine, mwisho tukampata dada mmoja mwenye sauti ya asali. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha kule ghalani nilikokuwa nafanya kazi. Akanisikiliza yote, akanipa pole, akauliza kama mimi ndiye Vénant.

"Hapana, lakini namba ni yangu."

Akasema anaelewa kabisa jinsi ninavyojisikia, ila anaweza kuzungumza na mwenye akaunti peke yake. Nikamwambia mdogo wangu yuko Malawi. Akasema anaelewa. Nikamwambia namba ameichukua mume niliyemkimbia. Akasema anasikitika sana, mwenye akaunti akipiga yeye atafurahi kusaidia.

Jeannette akaninyang'anya simu, akakata. "Huyu anaelewa kila kitu kasoro cha kufanya. Ngoja mimi niwe Mzee Vénant."

"Jeannette, usifanye hivyo."

Alishapiga. Akakohoa, akashusha sauti mpaka tumboni, akasema kwa Kiingereza kwamba yeye ni Vénant, anataka PIN ya kuhamia. Khalfan akageuza uso ukutani, mabega yanacheza. Safari hii alipokea kijana, akamwita Jeannette bwana, akasema hakuna shida bwana, nimekutumia tarakimu za uhakiki kwenye simu yako sasa hivi, nisomee.

Zimetumwa kwenye simu ya Mzee Vénant, DeSoto.

Hatukuwa tumemaliza kutazamana simu ya Jeannette ikaita.

"Jeannette binti yangu," Mzee Vénant akasema, na sote tulimsikia. "Mnaingia kama wezi kwenye akaunti yangu? Mwambie Marie-Rose mimi si adui yake. Niliwasimamia mbele ya altare. Mtu akija kuniomba nimsaidie kuikimbia ndoa niliyoisimamia, nitamjibu nini Mungu? Arudi, wakae chini, waongee. Namba yake itamngoja."

"Mzee, yule Bertrand alikuwa anamfungia ndani kama mbuzi," Jeannette akasema.

"Ndiyo maana nasema waongee."

Sikuweza hata kumchukia. Natamani ningeweza. Yule mzee anaamini kabisa kwamba ananiokoa.

Khalfan akanipa laini mpya, ya ule mtandao wa Glory, namba mpya. Akaniwekea mwenyewe. Vijistari vikajaa mpaka juu, nikaingia nayo bafuni kwa Jeannette jioni ile, ikawaka pale vizuri kabisa. Hakuna mtu duniani aliyekuwa na namba ile zaidi ya Jeannette, Glory na Khalfan.

Siku zikapita naishi kwenye simu ya Jeannette, maana ile namba mpya sikutaka Bertrand aijue. Nilimpigia Bertrand asubuhi, hapokei. Nikamtumia ujumbe, anasoma, hajibu. Niliacha kula. Glory akasema twende polisi.

"Nikaseme nini? Mume wangu ana simu?"

Akaniletea uji.

Ijumaa Bertrand akapiga mwenyewe.

"Alain kapiga," akasema.

Nilikuwa nimesimama jikoni.

"Kasemaje?"

"Kijana mzuri. Ana adabu. Kaniita shemeji, kanisalimia, kauliza dada yuko wapi. Nikamwambia yuko kazini, ghala linawabana sana siku hizi."

"Ulimpa namba ya Jeannette?"

"Simu ya kuazima, anaongea haraka haraka, nianze kumtajia namba? Nimemwambia apige Jumapili baada ya misa ya huku, dada yako atakuwepo nyumbani." Akarudia: "Nyumbani, Marie-Rose. Kwako. Mzee atakuwepo, tutapika. Ukija utaongea naye. Usipokuja nitamwambia nini mtoto wa watu? Dada yako hataki?"

Nilisema nitakuja. Jeannette alitupa kijiko kwenye sinki.

"Ukiingia kwenye ile nyumba hutoki."

"Naenda kuongea na simu tu."

"Marie-Rose, hakuna simu ya tu kwa Bertrand."

"Wewe ungefanyaje? Ni Alain."

Jumapili alfajiri Jeannette alikuwa wa kwanza kuvaa. Aka-drive yeye, mikono yote miwili kwenye usukani, hajafungua redio tangu Houston mpaka Dallas. Tulipokaribia Grand Prairie akasema, "Mimi siingii. Nitakuwa nje na gari linaunguruma. Ongea na mdogo wako, mpe namba yako mpya, toka. Namba kwanza, halafu ndiyo mlie."

Nikasema sawa. Njia nzima nilikuwa naikariri ile namba mpya ili niitoe kwa pumzi moja.

Mlango uliachwa wazi unaningoja. Bertrand alikuwa amevaa shati jeupe la misa. Mzee Vénant alikuwa kwenye kochi, akainuka kwa shida, akanikumbatia, akanibariki kichwani. Kulikuwa na wali na mchicha wa lengalenga na samaki, mezani pamepangwa sahani zetu. Nyumba ilikuwa safi. Nilijisikia kama mtoto aliyerudishwa kwa nguvu shule aliyotoroka.

"Kula kwanza," Bertrand akasema.

"Naisubiri simu."

Akaitoa mfukoni, akaiweka katikati ya meza, mbele yake kidogo kuliko mbele yangu. Simu mpya, ndani yake namba yangu.

Tulikaa. Mzee akaanza kusimulia alivyombeba Alain siku kambi inafungwa, kabla malori hayajatutenganisha, mvua, matope. Sikumsikia. Nilikuwa naangalia kile kioo cheusi.

Ikaita.

Nilinyoosha mkono, Bertrand akawa amefika. Akapokea, akafungua spika, akaishika mwenyewe, kidole gumba kimekaa juu ya ile alama nyekundu ya kukata.

"Shemeji," akasema. "Dada yako huyu hapa."

"Dada?"

Alain. Sauti ya mtu mzima, lakini lile neno alilitamka vile vile.

"Alain, mdogo wangu, sikiliza, andika namba..."

Kidole gumba kikashuka karibu kabisa na kioo. Bertrand hakusema kitu, alinitazama tu na kutikisa kichwa polepole.

"Namba ipi, dada? Sikusikia vizuri. Dada, sina muda, mwenye simu amesimama hapa. Kesho naitwa kwa mahojiano ya wakimbizi wa kuletwa Marekani. Ndilo lile jambo nilitaka kukwambia. Wananihoji kama nina ndugu Marekani. Watataka kujua unakaa mji gani, na nani, na namba yako. Dada, kila nitakalosema, wakija kukuuliza wewe lazima uliseme hivyo hivyo. Kuna mtu hapa kaka yake alisema mji mwingine, wakamtoa kwenye orodha. Sasa niambie. Unakaa wapi?"

Mzee Vénant alifumba macho kama anasali. Bertrand alikuwa ananisubiri kwa utulivu kabisa. Nilijua nikisema Houston sentensi haitafika mwisho. Mdogo wangu atakwenda kesho bila neno langu, na atatoa la kwake la kubahatisha.

"Dada? Uko na shemeji?"

"Ndiyo," nikasema. "Nakaa Grand Prairie. Na shemeji yako."

Alain akashusha pumzi. Nilimsikia anacheka kwa furaha, na mimi machozi yakawa yananishuka.

"Nilijua. Alivyoongea nami juzi nilijua dada yangu amepata mtu. Basi nitasema hivyo. Na namba nitawapa hii hii. Watapiga kwa namba hii kukuuliza."

"Lini, Alain? Watapiga lini?"

"Hawasemi, dada. Inaweza kuwa wiki ijayo, inaweza kuwa mwakani. Wanapiga siku wanayotaka. Wasipokukuta wewe mwenyewe ndiyo imeisha, hawarudii. Usitoke hapo. Dada, nakuomba usiibadilishe hii namba..."

Mwenye simu akachukua chake. Ikabaki kimya.

Mzee Vénant akafumbua macho akasema amina. Bertrand aliizima spika, akaifuta simu kwa kiganja, akaitia kwenye mfuko wa shati lake na kukifunga kifungo.

Nje Jeannette akapiga honi.

"Binamu yako anaunguza mafuta bure," Bertrand akasema, anajipakulia wali. "Kamwambie aende. Au panda naye, mimi sikushiki. Mlango si uko wazi?"

Jeannette akapiga honi mara ya pili.